Sura ya Saba: Gitaa la Baldomero

Inspekta Eladio Rincón aliingia klabu ya Los Toneles Jumapili, saa saba kasoro dakika kumi mchana, akiwa amebeba kasha la gitaa la marehemu mkononi, na hakuna aliyemsogezea kiti.

Waliokuwa wakicheka waliacha kucheka. Mzee mmoja aliyeegemea kaunta alijigeuza taratibu pamoja na glasi yake ya divai ya fino, akampa mgongo bila kumwaga hata tone. Nje upepo wa levante ulikuwa na siku ya nne ukivuma, mkavu kama pumzi ya tanuri, ukigongagonga madirisha ya mtaa mzima wa Santiago.

"Funga mlango," ilisema sauti kutoka mezani. "Ubaki ndani au utoke, sisi kwetu ni mamoja. Ila funga."

Rincón akafunga. Alikuwa na saa tano tu. Isidro Monje, mpwa wa marehemu, alitiwa mahabusu Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na sheria ilitoa siku tatu. Leo ikigonga saa kumi na mbili, Isidro ama aachiwe, ama apelekwe kwa hakimu kwa kosa la kumuua mjomba wake, Baldomero Cantarote, mpiga gitaa. Hakimu wa zamu alikwisha sema kwenye simu kwamba jalada linamtosha. Isidro alikutwa amepiga magoti kando ya maiti, damu mikononi. Siku mbili kabla, ndani ya klabu hii hii, alimpigia kelele mzee huyo mbele ya watu thelathini kwamba atamvunja vidole, kwa sababu mzee alikuwa amemwondoa miongoni mwa wapiga makofi wa onyesho la leo.

Jalada lilimtosha hakimu. Rincón lilikuwa halijamtosha.

Alipita katikati ya meza akielekea jikoni.

"Angalieni," mtu akasema nyuma yake, "San Miguel imekuja kusikiliza muziki."

"Imekuja kujifunza."

"Haitajifunza. Baba yake alikuwa anagonga mapipa. Masikio yalishaharibika tangu tumboni."

Watu wakacheka. Ni kweli baba yake Rincón alikuwa fundi wa mapipa ya divai, na ni kweli alizaliwa mtaa wa San Miguel, ng'ambo ya pili ya Jerez. Hakugeuka.

Angustias Cantarote, mama yake Isidro na dada wa marehemu, alikuwa amesimama mbele ya sufuria la berza, supu nzito ya mboga, mwiko mkononi kama rungu. Alikuwa amevaa nyeusi tupu. Pembeni yake kulikuwa na kapu la viazi na bakuli kubwa la viazi vilivyochemshwa, vimekatwakatwa na kuchanganywa na kitunguu na siki.

"Bi Angustias."

"Kama umekuja kula, hakuna chakula."

"Nimeleta gitaa. Uliliomba."

"Gitaa nililiomba juzi. Mwanangu nimemwomba tangu Alhamisi. Naona umeanza na kile chepesi kubeba."

Rincón aliliweka kasha juu ya meza, akatoa risiti. Mama yule aliifuta mikono, akaandika jina lake polepole kwa herufi kubwa, kisha akapiga mstari chini yake kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.

"Sasa ni la kwetu?"

"Ni lenu. Serikali haina dai tena."

"Haya. Toka jikoni kwangu."

"Swali moja. Alhamisi Isidro aliondoka hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na robo! Nimekwambia wewe, nimemwambia mwenzako, nimemwambia na yule anayepiga taipu kwa kidole kimoja. Alinimenyea viazi, akachukua bakuli la berza, akaenda kumwomba mjomba wake radhi. Sasa niambie, Inspekta, wewe umesoma. Mtu anayekwenda kuua hubeba supu?"

Bakuli lilikuwepo kweli. Walilikuta limevunjika kizingitini. Lakini saa yenyewe ilitoka kinywani mwa mama, na hakimu hangepima neno la mama hata kwa gramu moja. Jirani wa ghorofa ya juu alimwona mwanamume akitoka nyumbani kwa Baldomero saa kumi na moja na dakika kumi. Kutoka juu aliona kofia nyeusi tu. Isidro hakuwa na kofia. Lakini jirani huyo ana miaka themanini na mbili, na saa yake ya ukutani huwa inasimama.

Rincón alirudi ukumbini, akamtafuta mtu mwenye kofia nyeusi. Aliwaona kumi na mmoja.

Aliyemtaka alikuwa amekaa safu ya mbele: Don Severiano Oneto, mwenyekiti wa klabu, ambaye kwa miaka sita alimsumbua Baldomero amuachie gitaa lile, alitundike ndani ya kabati la kioo pale mlangoni.

"Alhamisi saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi, Don Severiano?"

"Leo ni kumbukumbu ya marehemu. Huna adabu hata Jumapili?"

"Ulikuwa wapi?"

Mwenyekiti alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akaachama. Upande wa kushoto, nyuma, palikuwa na shimo jekundu.

"Kwa daktari wa meno. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Jino lilikuwa na mizizi mitatu. Ingiza kidole uhesabu."

Safu nzima ya mbele iliangua kicheko. Rincón hakuingiza kidole. Aliandika jina la daktari, akaenda kwenye simu ya kaunta, akampigia daktari nyumbani kwake, akaambiwa kwamba Don Severiano alilia kama mtoto mchanga hadi saa kumi na mbili kasorobo. Akakata simu. Njia ya uchunguzi aliyokuja nayo ilikuwa imeishia hapo.

Aliegemea nguzo iliyo karibu na jikoni, akatoa mfukoni orodha ya vitu vilivyokutwa kwa marehemu. Alikuwa ameisoma mara nne. Akaisoma ya tano.

Mwili mbele ya sinki, kichwa kimegonga ukingo wa marumaru. Dirisha limefungwa. Kapu la viazi mlangoni. Sponji ndani ya sinki, imelowa. Kisu juu ya meza, kisafi, kimeoshwa au kimepanguswa. Gitaa ndani ya kasha lake, limefungwa. Ndani ya kasha: nyuzi za akiba, kitambaa, na kidude cha mtoto cha kuchezea, ng'ombe wa nusu kiazi, miguu minne ya njiti za kiberiti zilizong'atwa vichwa.

Konstebo Paredes alicheka alipokuwa akiiandika hiyo ya mwisho. Baldomero alifundisha watoto siku za Jumatano, na watoto huacha vitu kila mahali. Rincón mwenyewe alikishika kile kidude kwa vidole viwili, akakitia kwenye bahasha, akasaini orodha.

Taa za ukumbini zikazimwa ikabaki moja juu ya jukwaa. Gaspar Loreto alipanda.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, nywele zimechanwa nyuma kwa mafuta. Alikuwa mwanafunzi wa Baldomero kwa miaka kumi na tano, na onyesho hili, ambalo lingekuwa la mwalimu wake, sasa lilikuwa lake. Alitundika kofia yake nyeusi kwenye msumari, akaketi, akakunja mguu juu ya mguu, akalilaza gitaa la marehemu, alilopewa na Angustias kwa onyesho hilo, juu ya paja. Kabla ya kugusa nyuzi alilinusa kwenye tundu, kama mtu anavyonusa tikiti sokoni.

Alianza na soleá, wimbo wa taratibu wa majonzi. Ukumbi ulinyamaza, lakini haukuwa ukimya wa kumkaribisha. Dole gumba lilishuka kwenye uzi mnene, likaacha sauti ining'inie, likashuka tena. Watu wale walikuwa wakihesabu. Kila mpigo ulipotua mahali pake, hakuna aliyesema kitu. Kwa Baldomero wangesema. Wangesema *olé* moja fupi, ya chini, kama mtu aliyekanyagwa.

"Anapiga vizuri," alinong'ona mwanamke mmoja karibu na nguzo.

"Anapiga kama karani anayegonga mihuri," alijibu mumewe, bila kunong'ona sana. "Marehemu alikuwa akimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu. 'Gaspar, una mkono wa karani.'"

Jukwaani dole gumba likagonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Uzi ulilia dhidi ya mbao. Gaspar alikuwa amesikia.

Rincón alimtazama mpigaji. Halafu akafungua daftari, akatafuta ukurasa wa Ijumaa. *Gaspar Loreto. Anasema hajakanyaga nyumba ya marehemu tangu Sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari. Amesaini.* Hiyo ni zaidi ya miezi miwili. Hakuwa na sababu ya kulitilia shaka jibu lile, ila kwamba kila mtu aliyeulizwa Ijumaa alijibu kwa hasira, na Gaspar peke yake alijibu kwa upole.

Baada ya soleá zikaja nyimbo mbili za tango, halafu bulería, wimbo wa mwendo wa kasi. Hapo wapiga makofi watatu walioketi nyuma yake waliingia, na kiti cha nne kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Isidro. Walikiacha makusudi, na kila palipohitajika makofi ya Isidro, wote watatu walinyamaza kwa pamoja wakaacha tundu kwenye mwendo. Kila tundu lilipokuja, watu waligeuka wakamtazama Rincón. Tundu, macho. Tundu, macho. Hilo lilikwenda kwa dakika saba.

Saa nane sehemu ya kwanza ikaisha. Gaspar alishuka bila kuinama, akalichukua gitaa hadi chumba cha akiba kilichopakana na jikoni, mbali na mvuke wa sufuria. Rincón alihama kutoka kwenye nguzo akasimama mlangoni mwa jikoni. Kutoka hapo vyumba vyote viwili vilionekana.

"Shangazi Angustias," Gaspar aliita, kama walivyomwita wanafunzi wote wa kaka yake. "Nipe kiazi kimoja."

"Cha nini?"

"Cha gitaa. Upepo huu utalipasua. Kasha ni kavu kabisa, hakuna hata sponji."

"Si uombe ganda la chungwa kama watu?"

"Chungwa lina tindikali. Jeshini, Melilla, tulikuwa tunaweka kiazi. Kule upepo unatoka jangwani."

Aliingia jikoni, akachagua kiazi mwenyewe kutoka kapuni, akakikata katikati, akapangusa kisu kwa kitambaa, akakirudisha mezani kwa Angustias. Kisha akatoa kiberiti. Alichukua njiti ya kwanza, akang'ata kile kichwa chekundu akakitema sakafuni, akaichomeka kwenye kiazi. Akafanya hivyo kwa ya pili, na ya tatu. Alifanya upesi, bila kutazama, akizungumza juu ya nyuzi.

Rincón alingoja ya nne. Ilipochomekwa, Gaspar alikisimamisha kiazi ndani ya kasha, kwenye kona chini ya shingo ya gitaa. Kilisimama wima kwa miguu yake minne.

"Hiyo miguu ni ya nini?" Rincón aliuliza.

"Ili maji yasilowanishe kitambaa cha kasha."

"Na vichwa vya njiti unaving'ata kwa nini?"

"Rangi. Inachuruzika." Gaspar alinyanyua macho. "Unataka kujifunza gitaa, Inspekta?"

"Nani mwingine hapa Jerez hufanya hivyo?"

Angustias ndiye aliyejibu, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. "Hakuna. Sisi tunaweka ganda la chungwa. Kaka yangu aliweka sponji kwenye kisanduku cha sabuni. Viazi hapa tunakula."

"Bwana Loreto, mara ya mwisho kuingia nyumbani kwa Baldomero?"

"Nilishasema. Sikukuu ya Wafalme."

"Ukasaini."

"Nikasaini."

Rincón alifunga mlango wa kwenda ukumbini kwa kisigino. Akatoa orodha, akaisoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha ya mahitaji ya dukani: "Ndani ya kasha, kiazi nusu, miguu minne ya njiti za kiberiti. Vichwa vimeng'atwa. Kiko stesheni, ndani ya bahasha. Alhamisi saa moja usiku nilikishika mimi mwenyewe, kilikuwa kinanilowesha vidole. Kiazi kilichokatwa Januari hakiloweshi vidole Machi."

Mwiko wa Angustias uliacha kuzunguka.

"Watoto," Gaspar alisema. "Baldomero alikuwa anafundisha watoto."

"Tulidhani hivyo. Tulikosea. Meno yaliyong'ata njiti zile ni ya mtu mzima, na vichwa hivi hapa sakafuni ni mavuno ya leo. Nitaviokota vyote vinne." Aliinama akaviokota, kimoja kimoja, akaviweka kwenye bahasha. "Sponji ilikuwepo. Ilikuwa imelowa tayari. Mtu mwenye haraka angechukua sponji. Kwa nini ulihangaika na kiazi?"

Gaspar aligeuza uso kwenye kasha. Alikuwa akitazama gitaa.

"Kwa nini, bwana?"

"Sponji ilikuwa ndani ya sinki."

"Najua."

"Na yeye alikuwa amelala mbele ya sinki. Ningemrukaje?"

Upande wa pili wa mlango watu walikuwa wameanza kupiga makofi ya mwendo wa bulería, wakidai sehemu ya pili. Makofi makavu, ya pamoja.

"Endelea," Rincón alisema.

"Nilikwenda kumwomba gitaa. Daktari alikuwa amemkataza kupanda jukwaani, moyo wake. Nikasema, mwalimu, nipe mimi Jumapili, na unipe gitaa, jioni hiyo moja tu. Akacheka. Akaniambia afadhali alipasue likawashe jiko la dada yake kuliko kulitia kwenye mkono wa karani. Miaka kumi na tano, Inspekta! Miaka kumi na tano namsikia akisema hivyo, na watu wanacheka. Nilimsukuma. Mara moja tu. Yule mzee alikuwa mwepesi..."

"Halafu?"

"Gitaa lilikuwa juu ya kiti. Dirisha liko wazi, levante inalipiga moja kwa moja kifuani. Nilifunga dirisha. Nikaliweka kwenye kasha."

"Ukakata kiazi."

"Nikakata kiazi."

"Saa kumi na moja na dakika ngapi?"

"Sijui. Na tano. Na kumi."

Rincón alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari. "Taarifa ya daktari ilifika jana. Baldomero hakufa pale pale. Alikaa kama dakika ishirini. Hospitali iko mitaa miwili kutoka pale."

Angustias aligeuka. Mwiko ulikuwa bado mkononi, mchuzi ukidondoka kwenye kiatu chake.

"Alikuwa anapumua?" Hakumuuliza polisi. Alimuuliza Gaspar. "Wewe. Ulipokuwa unakata kiazi, kaka yangu alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anakoroma, shangazi."

"Usiniite shangazi."

"Nilidhani atazinduka. Nilidhani akizinduka akanikuta..."

"Ukang'ata njiti. Nne. Moja moja. Na yeye anakoroma."

Gaspar alinyoosha mikono mwenyewe. Rincón alimfunga pingu upande wa mbele, akazibana, kisha akaenda kwenye simu ya ukutani pale jikoni. Alisema maneno machache: gari lije mlango wa nyuma, Paredes aitoe bahasha namba kumi na saba asiifungue, Isidro Monje apewe mkanda wake, kamba za viatu vyake, na aachiwe sasa hivi, si saa kumi na mbili, sasa hivi. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano.

Mlango wa ukumbini ulifunguka kidogo. Don Severiano aliingiza kichwa. "Watu wanangoja, Gaspar. Kulikoni hapa?" Akaziona pingu. Kichwa kikarudi kilikotoka.

"Bi Angustias," Rincón alisema, "gari likimaliza kazi hii linaweza kukupeleka ukamchukue mwanao."

"Nitakwenda kwa miguu yangu. Mwanangu umemlaza sakafuni siku tatu, na hicho kiazi ulikuwa nacho mkononi tangu usiku wa kwanza."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi usiniletee gari." Alivua aproni, akaitupa juu ya kiti. Akaliendea kasha la gitaa. Alilitazama lile gitaa la rangi ya asali, lenye mikwaruzo ya kucha za kaka yake chini ya tundu. Akakitoa kile kiazi kwa vidole viwili, akamkabidhi Rincón.

"Hili ni la kwetu? Hukunidanganya?"

"Ni lenu. Umesaini."

Alilitoa gitaa, akalilaza juu ya meza, uso juu. Kisha akaenda dirishani, akavuta komeo, akalifungua wazi mabawa yote mawili. Levante ikaingia kwa nguvu, ikapeperusha karatasi za orodha, ikapita juu ya nyuzi, na nyuzi zikatoa mlio mwembamba wenyewe.

"Bi Angustias," Gaspar alisema. Mpaka hapo sauti yake ilikuwa ya upole, kama ile ya Ijumaa. Sasa ilivunjika. "Lifunge. Nakuomba. Saa moja tu ya upepo huu itatosha kulipasua. Inspekta, mwambie! Halina kosa!"

Alijaribu kwenda mezani. Rincón alimshika bega akamsimamisha ukutani, akabaki amemshika. Hakuligusa dirisha.

Angustias alijifunga mtandio mweusi kichwani, akapita katikati yao wawili bila kumtazama yeyote, akafungua mlango wa ukumbini. Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Yalikoma mkono mmoja baada ya mwingine, kadiri watu walivyomwona uso.

"Ondokeni mwende makwenu," aliwaambia. "Hakuna sehemu ya pili."